Kona Isiyotulia

Asubuhi ambayo Mzee Lwitiko alikuja kusema kwamba ukuta unatoka jasho, namba ya Bwawa la Ikombe ilikuwa 1.61 na bonde zima lilikuwa na amani. Watu wa Kapeta walikuwa wameshaiona kwenye vibao vyao, kama walivyoiona kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Kila nyumba iliyojengwa chini ya ukuta ilikuwa na kibao kimoja, kidogo kama sahani, kimepigiliwa karibu na mlango. Namba ikiwa juu ya 1.20 watu walilima, waliposa, walipandisha mapaa. Ikishuka chini ya hapo, sheria iliwataka waondoke, na king'ora kililia chenyewe. Hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kukiliza kwa mkono wake.

"Jasho la namna gani, Mzee?" Mhandisi Subilaga Mwakatobe aliuliza. Alikuwa mkuu wa mahesabu pale Ikombe, mama wa miaka hamsini na miwili, mtu wa maneno machache.

"Njoo uone, mwanangu. Mimi nikisema nitaongeza chumvi."

Lwitiko alikuwa ametembea ndani ya ule ukuta miaka thelathini, tochi mkono mmoja na nyundo ndogo mkono wa pili, akigonga na kusikiliza. Vijana ofisini walimwona kama kitu cha zamani kilichosahaulika kwenye orodha ya mishahara. Subilaga alimheshimu, lakini ni kweli kwamba hakuwa ameshuka naye kule chini kwa zaidi ya mwaka.

Walishuka ngazi mia mbili na kumi. Ujia wa ukaguzi ulikuwa na baridi, na ukimya wake ulikuwa mzito, maana upande mmoja wa zege lile kulikuwa na ziwa zima limeegemea. Pale ujia ulipopinda kuelekea chumba cha zamani cha mitaro, Lwitiko alisimama akamulika. Kwenye kona, kutoka dari hadi usawa wa goti, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yakiutoka polepole, yakiacha alama nyeupe ya chokaa.

"Mwezi uliopita ulifika hapa," alisema, akigusa usawa wa bega. "Wiki iliyopita, kiunoni."

Akagonga zege kando ya mstari. Mlio ulikuwa mkavu na mzima. Akagonga juu ya mstari wenyewe, na mlio ukawa wa kitu kilicholegea.

"Mshipa wa hapa ni upi?" Subilaga aliuliza. Ndani ya ukuta ule zilikuwa zimelazwa nyuzi za kioo, mafundi wakiziita mishipa, na kazi yake ilikuwa kuhisi kila msukumo.

"Mia nne na kumi na mbili. Ulikufa miaka minne iliyopita. Niliandika ripoti."

Subilaga aliikumbuka ripoti hiyo. Ilijibiwa kwamba mshipa mmoja kati ya elfu sita si tatizo, kwa kuwa Pacha angeweza kukisia usomaji wake kutoka kwa mishipa ya jirani. Jibu lile alikuwa amelitia saini yeye.

*

Pacha ndiye aliyetoa namba. Alikuwa ukuta uleule wa Ikombe ndani ya mashine, umekatwa kihesabu kuwa vipande milioni arobaini, kila kipande kimeshikana na jirani zake kwenye vifundo kama wavu wa samaki. Ukuta mzima ni mkubwa mno kuulizwa unajisikiaje. Kipande kidogo kinaulizika: unasukumwa kiasi gani, na wewe unamsukuma nani? Pacha aliviuliza vipande vyote, akayaunganisha majibu, akatafuta mahali palipoelemewa zaidi, akalinganisha mzigo wa pale na nguvu ya zege. Kila robo saa bonde lilipata namba yake.

Subilaga alifunga mlango wa ofisi, akaiita kona ile kwenye skrini. Mahali penye mashaka, mhesabu huvikata vipande viwe vidogo zaidi na kuhesabu upya. Hesabu njema hutulia. Ukikata mara ya kwanza mkazo unapanda, mara ya pili unapanda kidogo, mara ya tatu haupandi, na hapo unajua umefika kwenye ukweli.

Alikata. Mkazo ukatoka tatu ukaenda nne na ushei. Alikata tena, ukawa sita. Tena, nane na nusu. Tena, kumi na mbili. Angeweza kukata hadi kesho na namba ingeendelea kupanda, wala isingesimama.

Hilo halikumshangaza. Kona yoyote iliyochorwa kali hufanya hivyo. Ni kivuli cha hesabu, kwa sababu katika zege halisi hakuna kona kali kiasi hicho. Tatizo ni kwamba ncha ya ufa nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa macho ya Pacha, kivuli na ufa vilifanana kama mayai mawili.

Na Pacha alikuwa amekatazwa kuvitazama. Kanuni ilisema: kona ambayo mkazo wake hautulii, ipuuzwe, ichukuliwe wastani wa majirani zake. Subilaga aliijua kwa moyo, maana ndiye aliyeiandika, majuma matatu baada ya Ikama.

Huko Ikama, kwenye bwawa lingine, mhandisi kijana aliona mkazo unapanda bila kikomo kwenye kona ya lango. Akaamini alichokiona, akakimbia kukipiga king'ora kwa mkono. Watu arobaini na mmoja walikanyagana kwenye daraja la miguu wakafa. Ukuta wa Ikama ulikuwa mzima, na mpaka leo umesimama. Baada ya msiba ule nchi iliamua kwamba neno la mtu halitahamisha tena kijiji. Itahamisha namba peke yake.

*

Mkurugenzi Hezron Kajuna alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Dada yake, Regina, alikuwa mmoja wa wale arobaini na mmoja.

"Nipe namba," alisema.

"Sina namba, Mkurugenzi. Nina ufa."

"Una maji ukutani. Kila ukuta una maji."

"Unatembea. Mzee Lwitiko ameufuatilia kwa mwezi mzima."

"Kwa tochi."

"Kwa tochi."

Kajuna alivua miwani akasugua macho. "Tufuate utaratibu. Tupime kina cha ufa, tupeleke vipimo kwenye kamati ya kanuni, wamruhusu Pacha aingize ufa katika wavu wake. Siku ishirini na moja. Nitaomba waharakishe, labda kumi na nne."

"Wa hali ya hewa wanasema ziwa litapanda mita mbili ndani ya siku tisa."

"Najua."

"Basi tufungue malango tupunguze maji."

"Malango yanafunguka kwa namba, nawe unajua hilo kuliko mimi. Wewe na wenzako mliyafungamanisha nayo, na mimi nilishukuru. Subilaga, kule Ikama nilimtambua dada yangu kwa kiatu. Nikiamini macho ya Mzee Lwitiko leo, kesho nitaamini ndoto ya nani?"

Subilaga aliinuka akashukuru, akatoka.

Kwenye korido alisimama karibu na dirisha. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bonde, kwenye migomba na mapaa ya Kapeta, watu elfu tisa. Aliwaza siku kumi na nne, kisha siku tisa. Akawaza pia kwamba huenda anaona ufa kwa sababu ile barua ya mshipa ilikuwa na saini yake. Mtu anaweza kuona kosa lake mahali ambapo halipo. Lakini nyundo alikuwa ameisikia mwenyewe.

Lilikuwepo jambo moja ambalo mkuu wa mahesabu aliruhusiwa kulibadilisha bila kamati. Kila mwaka sampuli za zege zilivunjwa maabara, na yeye aliandika nguvu mpya katika kumbukumbu za Pacha. Iliyokuwapo ilikuwa 31. Alikaa mezani, akaifuta, akaandika 21. Mashine ikauliza sababu. Akaandika: sampuli mpya.

Sampuli mpya haikuwepo.

Pacha hakubisha. Aliviuliza vipande vyake milioni arobaini, vikajibu kwa uaminifu wote, na saa tano kasorobo asubuhi namba ikawa 1.09.

*

Subilaga alipanda juu ya ukuta akatazama. King'ora kilikuwa kinalia kwa mkupuo mrefu na mfupi, na malango matatu yalikuwa yanajifungua yenyewe, maji ya udongo yakitumbukia mtoni kwa kishindo kilichotetemesha nyayo zake. Chini, watu walitembea. Walikuwa wamefanya mazoezi mara mbili kila mwaka na walijua njia zao. Hakuna aliyekimbia, na kwenye madaraja hapakuwa na msongamano. Kutoka juu ilionekana kama msafara wa harusi usio na ngoma.

Mzee Lwitiko alikuja akasimama kando yake, koti likimtiririka maji.

"Namba imeshuka vipi?" aliuliza. "Asubuhi ilikuwa nzima."

"Nimedanganya, Mzee."

Lwitiko aliutazama msafara. "Mimi nilikuletea maji," alisema. "Uongo sikukuletea."

Kisha akashuka kwenda kuukagua ufa, ingawa sheria ilimtaka naye aondoke.

Kambini, kule mlimani, mahema yalitosha na chakula kilikuwepo. Mzee mmoja tu alikuwa na shida ambayo mpango haukuwa umeiona sawasawa. Anyosisye Mwasomola, aliyekuwa fundi viatu, alikuwa na figo zilizokwisha kazi, na mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwenye zahanati ya Kapeta. Mashine yake ilipandishwa mlimani siku ileile. Umeme ulikuwepo, lakini mashine ile ilitaka maji yaliyochujwa mno, na mitambo ya kuyachuja ilikuwa imejengewa ndani ya ukuta wa zahanati. Wakaamua kumpeleka mjini. Barabara ilikuwa imekatwa na tope. Walijaribu siku ya pili, wakajaribu siku ya tatu kwa kumbeba. Siku ya nne alfajiri alikata roho, binti yake Bupe akiwa amemshika miguu kwa sababu baba alikuwa analalamikia baridi.

Subilaga alilisoma jina hilo kwenye karatasi ya Kajuna ya waliokufa. Karatasi nzima ilikuwa na mstari mmoja tu.

*

Maji yalipopungua, wachimbaji walitoboa kona ile. Ufa ulikuwepo. Kina chake kilikuwa mita mbili na robo, na mafundi waliokuja kutoka mjini walimpa Mzee Lwitiko mkono mmoja baada ya mwingine. Walimwingizia Pacha ufa wenyewe, kwa vipimo halisi, na Kajuna akamwita Subilaga ofisini.

"Sampuli ya 21 iko wapi?"

"Haipo."

"Nilidhani hivyo." Alisogeza karatasi. "Hii ni namba yenye ufa na zege la kweli, kwa maji ya siku ile. 1.31."

Subilaga aliisoma mara mbili. Juu ya 1.20. Kwa maji ya siku ile, hakuna mtu aliyepaswa kuhama.

"Na maji ya siku tisa baadaye?" aliuliza. Mvua ilikuwa imenyesha kama ilivyotabiriwa, labda zaidi.

"Hesabu mwenyewe."

Alihesabu palepale, kwenye mashine ya Kajuna. Ilimchukua alasiri nzima. Jibu lilitegemea jambo moja: maji yaliyoingia ndani ya ufa yalikuwa yakiusukuma kwa nguvu gani. Yakisukuma kidogo, namba ilikuwa 1.26. Yakisukuma sana, 1.17, na hiyo ilikuwa kabla ya kukisia ufa ungerefuka kiasi gani. Kipimo kile kingepatikana tu ziwa likiwa limejaa. Sasa ziwa lilikuwa nusu, ufa ulikuwa unajazwa saruji, na swali lenyewe lilikuwa limeondoka duniani. Hata akikata vipande vidogo kama punje za mtama, hapo hapakuwa tena na kitu cha kutulia.

"Sikiliza," Kajuna alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ufa upo. Watu wameuona kwenye picha. Ukisema sampuli ilipotea kwenye vurugu za kuhama, hakuna atakayekuuliza. Kanuni yako tutaibadilisha, mishipa iliyokufa tutaibadilisha. Kijijini wanasema Pacha amewaokoa."

"Pacha alikuwa anasema 1.61."

"Najua alichokuwa anasema." Aliegemea mbele. "Sikuhurumii wewe. Nawahurumia wao. Wakijua kwamba mtu mmoja anaweza kuishusha namba kwa kidole, siku itakaposhuka kwa haki hawatatoka majumbani. Tutakuwa tumewarudisha Ikama, ila safari hii watakufa wakiwa wamekaa."

Ilikuwa hoja ya kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Alikwenda nayo nyumbani akaishi nayo siku mbili. Alipika asile. Alijaribu kuandika taarifa kwa namna ya kwanza, kisha kwa namna ya pili, na zote mbili zilisomeka vizuri. Siku ya tatu aliteremka Kapeta kwa miguu.

Watu walikuwa wamerudi, na maiti ya Mzee Anyosisye ilikuwa imezikwa nyuma ya nyumba yake. Bupe alikuwa anaanika blanketi za kambini kwenye ua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sauti imekauka kwa kulia.

"Pole na msiba, mama," Subilaga alisema.

"Asante. Karibu. Wewe ni wa bwawani."

"Ni mimi niliyekiliza king'ora."

"Kimelia chenyewe. Namba ilishuka."

"Niliishusha mimi. Niliandika jambo lisilo la kweli ili ishuke."

Bupe aliacha mikono yake juu ya kamba. Subilaga alimweleza yote: kona, mshipa, kanuni, 31 na 21. Hakumweleza kwa haraka na hakujitetea. Kuku walipita kati yao.

"Ungenyamaza," Bupe alisema, "baba angekuwepo?"

"Ndiyo."

"Na ukuta?"

Subilaga alikuwa na 1.17 kichwani, na alikuwa na 1.26. Alihisi namba zote mbili zikimjia mdomoni, tayari kusemwa.

"Sijui," alisema.

"Hujui, au hutaki kuniambia?"

"Sijui. Nimehesabu. Hata wewe ukinipa miaka kumi nihesabu, sitajua."

Bupe alikaa kwenye ngazi ya mlango. Aliufunika uso kwa viganja. Aliponyanyua kichwa hakuwa na hasira ambayo Subilaga alikuwa amejiandaa kuipokea, na kukosekana kwake kulikuwa kugumu zaidi.

"Kesho tunamaliza matanga," alisema. "Watu wote watakuwepo, na mkubwa wenu ametuma salamu kwamba atakuja. Njoo uwaambie. Usiwasomee namba. Waambie hilo uliloniambia mimi."

*

Siku iliyofuata, baada ya sala na kabla ya chakula, mchungaji alimpa nafasi. Ua ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Kajuna alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Mzee Lwitiko alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

Subilaga alisema kwa sauti ya kawaida. Alisema kwamba kulikuwa na ufa, kwamba yeye ndiye aliyemzuia Pacha asiuone kwa kanuni aliyoiandika, kwamba akaongopa ili wahame, na kwamba Mzee Anyosisye alikufa kwa sababu ya kuhama kule. Alisema kwamba bila uongo wake ukuta ungeweza kusimama, na ungeweza kuanguka, na kwamba hakuna mtu, yeye wala Pacha wala mkurugenzi, atakayejua kamwe.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja aliinuka na mtoto wake mgongoni akatoka nje ya ua bila kutazama nyuma, kisha wengine watatu wakamfuata. Kajuna alikuwa anatazama chini.

Mwanamume mmoja wa makamo, muuza mbegu aliyejulikana na wengi pale, alinyanyua mkono kama aliye darasani.

"Mhandisi, mimi nina swali moja," alisema. "Kibao changu leo kinasema 1.88. Nina watoto watano. Leo tulale wapi?"

Watu wote walimgeukia Subilaga. Alimtazama Kajuna, na Kajuna naye alikuwa ameinua uso akimtazama yeye, kama mtu ambaye naye anasubiri kuambiwa.

"Maji yamepungua nusu," Subilaga alisema. "Ufa umejazwa. Mimi naamini ukuta ni mzima."

"Unaamini."

"Naamini."

"Hilo si jibu."

"Najua si jibu. Mimi nitalala hapa Kapeta, nikipata mtu wa kunipokea. Leo, na kesho, na masika yote mpaka yaishe."

Muuza mbegu aliwaza jambo hilo. Halikumridhisha, na hakuficha. Alishusha mkono, akawaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, akaondoka nao kuelekea njia ya mlimani. Baadhi ya watu walimfuata. Wengine walibaki wamekaa, wakitazamana, kila mmoja akipima uso wa jirani yake. Mchungaji alianzisha wimbo, na ukaimbwa na wachache.

Bupe alipita katikati ya mikeka. Alisimama mbele ya Subilaga bila kumgusa.

"Chumba cha baba kiko wazi," alisema. "Hakina joto."